Nani Mwenye Kauli ya Mwisho Chuo Kikuu?

Na Bwana Shamba

Ndugu msomaji, mwaka jana mwezi wa Agosti nilikwenda Dar es Salaam. Kikundi chetu cha umwagiliaji kilinituma kununua mbegu za nyanya na mabomba mawili ya kunyunyizia dawa. Kwa kazi hiyo hakuna mahali kama Kariakoo. Maduka ya pembejeo yamejipanga mitaani karibu na soko. Ukikosa kitu katika duka hili, utakipata katika duka la pili.

Sikwenda peke yangu. Nilifuatana na mzee mmoja wa kijiji chetu. Yeye hakwenda kununua kitu. Alikwenda kwa shauri la mwanawe.

Mwanawe alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha hapo mjini. Ni kijana wa kwanza wa kijiji chetu kufika huko. Mzee aliuza ng'ombe wawili ili kijana aende. Sisi majirani nasi tulichanga, kila kaya kwa uwezo wake. Kwa hiyo kijana huyo ni wa mzee, lakini ni wetu pia.

Matokeo ya mitihani yalipobandikwa, kijana alikuwa ameanguka katika masomo mawili. Alimpigia baba yake simu. Alisema somo moja anakubali, hakulielewa. Lakini somo la pili alilifanya vizuri, naye anashangaa sana. Mzee hakupata usingizi. Asubuhi alifunga gunia moja la mchele mzuri wa bonde letu, akaniambia, "Bwana Shamba, tunakwenda wote."

CHAI YA KARIAKOO

Tulifika Kariakoo saa moja asubuhi. Tuliketi katika mgahawa mdogo, tukaagiza chai na maandazi. Gunia letu liliegemea ukuta. Haikupita nusu saa, mtu mmoja mwenye shati safi akatusogelea. Kumbe alikuwa amemsikia mzee akinieleza habari za mwanawe.

"Shikamoo mzee," alisema. "Shauri lako ni dogo. Mimi nina mtu wangu kwenye Seneti ya chuo. Ni mkubwa kabisa. Toa laki tatu na hilo gunia. Kesho jina la kijana litatoka kwenye orodha ya walioanguka."

Mzee alinitazama. Kisha mkono wake ukaanza kwenda kwenye fundo la kitambaa alimofunga fedha. Laki tatu zilikuwamo. Zilikuwa ndizo fedha zote alizokuwa nazo.

Nilimshika mkono polepole. Nikamwuliza yule bwana, "Ndugu yangu, huyo mtu wako kwenye Seneti ni mmoja?"

"Ni mmoja, lakini mkubwa."

"Na wale wenziwe wanaokaa naye kikaoni, nao umewapangia kiasi gani?"

Hakunijibu. Alisema simu yake inaita, ingawa mimi sikuisikia. Akatoka nje, wala hakurudi.

Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza swali ambalo nadhani wazazi wengi wa vijijini wanalo moyoni. "Bwana Shamba, hiyo Seneti ni mtu au ni nyumba?"

Mimi nina cheti cha kilimo tu. Sikusoma chuo kikuu. Lakini binamu yangu ni karani wa chuo, na kwa miaka mingi amebeba makabrasha ya vikao hivyo. Mengi nitakayoyaeleza hapa niliyapata kwake, na mengine nimeyasoma.

SENETI NI KIKAO

Seneti si mtu, wala si nyumba. Ni kikao. Neno lenyewe limetoka katika lugha ya zamani ya Warumi, na asili yake ni neno lenye maana ya mzee. Kwa hiyo Seneti maana yake ya kwanza ni baraza la wazee. Mzee wangu aliposikia hivyo alifurahi sana, akavuta kiti karibu.

Wazee hawa wa chuo si lazima wawe na mvi. Ni watu wanaosimamia masomo. Ili tuelewe vizuri, tutazame kwanza jinsi chuo kilivyogawanyika.

Ngazi ya chini kabisa ni idara. Kwa mfano, walimu wote wa elimu ya udongo wanaweza kuwa idara moja. Idara kadhaa zinazokaribiana hufanya kitivo au shule. Siku hizi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vitivo vingi vimeunganishwa kuwa ndaki. Mkubwa wa ndaki huitwa Rasi. Mkubwa wa kitivo au shule huitwa Mkuu wa Kitivo, wengine husema Amidi. Kila ngazi ina kikao chake. Idara ina kikao, na ndaki ina bodi.

Juu yake ndipo ilipo Seneti. Mwenyekiti wake ni Makamu Mkuu wa Chuo. Humo huketi manaibu wake, wakuu wa ndaki, wa shule na wa taasisi, pamoja na wawakilishi wa walimu na wa wanafunzi. Seneti ndiyo inayoamua mambo ya elimu: somo gani lifundishwe, mwanafunzi wa sifa gani aingie, mitihani iendeshwe vipi, na nani apewe shahada.

Sasa, watu wengi husikia "Makamu Mkuu wa Chuo" wakadhani huyo ni msaidizi tu, na kwamba mwenye kazi ni Mkuu wa Chuo. Sivyo. Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima kubwa. Yeye ndiye anayetunuku shahada siku ya mahafali. Lakini hakai ofisini kila siku, wala hasahihishi karatasi. Kazi za kila siku anazo Makamu. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati akiwa Rais. Baadaye Paul Bomani naye alishika cheo hicho, hadi alipofariki mwaka 2005. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanalijua jina hilo, kwa sababu alikuwa kiongozi wa ushirika wao kabla ya Uhuru. Mwaka 2016 aliteuliwa Jakaya Mrisho Kikwete, Rais mstaafu.

BARAZA NI KITU KINGINE

Mzee aliniuliza, "Basi hao wa Seneti ndio wanaoshika na fedha?"

Hapana. Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Chuo kina chombo kingine kinachoitwa Baraza la Chuo. Baraza ndilo linaloshika fedha, majengo, ardhi na ajira za wafanyakazi. Mwenyekiti wake si mfanyakazi wa chuo. Wajumbe wake wengine hutoka serikalini na mahali pengine nje ya chuo, na wengine ni walimu, wafanyakazi na wanafunzi.

Nilimkumbusha mzee habari za chama chetu cha ushirika. Sisi tuna bodi. Bodi inaangalia fedha, ghala na gari. Lakini tumbaku inapokuja sokoni, ni nani anayepanga madaraja? Si mwenyekiti wa bodi. Ni yule mteuzi wa tumbaku aliyejifunza kazi hiyo. Mwenyekiti hawezi kusema, "Tumbaku ya shemeji yangu ipewe daraja la kwanza." Akisema hivyo, wanachama watapiga kelele, na mnunuzi hatarudi tena mwakani.

Chuo nacho kiko hivyo. Baraza linashika ghala na fedha. Seneti inasimamia madaraja. Kila chombo kina mambo yake, lakini vinahitajiana. Seneti ikitaka kuanzisha somo jipya, inabidi Baraza litafute fedha za walimu na vyumba. Baraza likitaka kupunguza gharama, linapaswa kusikia Seneti inasema nini juu ya masomo yatakayoumia. Mara nyingine wanavutana. Binamu yangu anasema kuna vikao vilivyoanza asubuhi vikaisha usiku, na chai ikaletwa mara tatu.

Utawala wa namna hii huitwa utawala wa kushirikiana. Si jambo la jana. Vyuo vikuu vya Ulaya vilikuwa na mavutano kama hayo zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Kule Bologna, Italia, wanafunzi ndio waliokuwa na nguvu. Walimu waliochelewa darasani walitozwa faini na wanafunzi wao! Kule Paris, Ufaransa, mambo yalikuwa kinyume: walimu ndio walioshika usukani. Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika. Alisema angependa shule ya msingi ya kijijini kwetu iendeshwe kama Bologna walau kwa wiki moja.

SAFARI YA ALAMA

Turudi kwenye shauri la kijana. Alama ya mwanafunzi haitoki kwa mtu mmoja ikaenda moja kwa moja ubaoni. Ina safari yake.

Kwanza mwalimu wa somo, yaani mhadhiri, husahihisha. Katika vyuo vingi hapa nchini alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula, kama vile majaribio na insha. Alama 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Hesabu hizi mbili hujumlishwa. Yafaa mzazi akumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo lililokuja kumwokoa kijana wetu.

Kisha karatasi hutazamwa na mtahini wa nje. Huyu ni mwalimu kutoka chuo kingine, pengine hata nchi nyingine. Kwa nini atoke nje? Wewe mkulima unajua. Ukipeleka mpunga wako kwa mnunuzi mwenye mizani yake, na mizani hiyo haijakaguliwa na mtu yeyote, utaibiwa. Ndiyo maana mkaguzi wa vipimo hutoka nje, akaigonga mizani muhuri. Mtahini wa nje ni mkaguzi wa mizani ya chuo. Huangalia kama mwalimu alikuwa mkali mno, au mlegevu mno, au ana upendeleo. (Hapa ningependa kusema neno juu ya lumbesa, lakini hilo nitaliandika siku nyingine. Linanitia hasira.)

Baada ya hapo matokeo huingia kikao cha idara. Walimu wa idara nzima hukaa, jina kwa jina, somo kwa somo. Wakimaliza, orodha hupanda kwenye bodi ya ndaki au ya kitivo. Wakati huo mara nyingi matokeo huwa yamekwisha bandikwa, lakini huitwa matokeo ya muda. Maana yake bado hayajathibitishwa. Mwisho orodha hufika Seneti. Seneti ikithibitisha, ndipo yanakuwa matokeo kamili.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, ni mikono mingapi imeigusa alama hiyo. Kila kikao kina kumbukumbu zilizoandikwa. Mtu akitaka kubadili alama kwa siri huko juu, itabidi karatasi za chini nazo zibadilike, na wale waliokaa vikao vya chini wasahau walichokisema. Mtu mmoja "mkubwa" hawezi kuyafanya hayo kwa gunia la mchele.

Sisemi kwamba hakuna walimu wabaya. Wapo, kama walivyo mabwana shamba wabaya. Mwalimu mmoja asiye mwaminifu anaweza kumwonea mwanafunzi kule chini, kabla alama haijapanda. Wapo wanaodai fedha, na wapo wanaodai mambo ya aibu kwa wasichana. Rushwa ya ngono ni kosa katika sheria yetu ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Anayedaiwa rushwa apige simu TAKUKURU, namba 113. Haina malipo.

MTAA WA LUMUMBA

Tulipomaliza chai nilimwambia mzee tutembee kidogo kabla ya jua kuwa kali. Tuliacha gunia kwa mwenye mgahawa, tukashika njia kuelekea Mnazi Mmoja. Hatukwenda mbali. Ukitoka sokoni ukifuata upande wa mashariki, unafika Mtaa wa Lumumba. Hapo pana jengo la Chama. Mzee alidhani nataka kumwonyesha ofisi ya CCM.

Nilimwambia, "Mzee wangu, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza hapa."

Hakuamini. Lakini ni kweli. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kilifunguliwa katika jengo hilo, ambalo TANU ilikitolea. Wanafunzi wake wa kwanza hawakufika hata ishirini. Wote walisoma sheria. Mkuu wao wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, mtu wa Kanada. Fikiri: mwanafunzi akichungulia dirishani, anawaona wachukuzi na mikokoteni wakienda Kariakoo.

Lakini kauli ya mwisho juu ya masomo haikuwa Lumumba. Chuo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Shahada ilikuwa ya London, na wazee wa kuamua walikuwa London. Mwaka 1963 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Hapo Seneti ikawa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1964 chuo kilihama Lumumba kwenda kwenye kilima kile cha upande wa Ubungo, ndiyo maana watu hukiita Mlimani. Na tarehe 1 Julai 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa chuo kamili cha taifa, chenye Baraza lake na Seneti yake.

Kwa hiyo katika miaka isiyozidi kumi kauli ya mwisho ilitoka Uingereza, ikapita Afrika Mashariki, ikafika nyumbani.

Sisi watu wa kilimo tuna habari inayofanana na hiyo. Mwaka 1969 Kitivo cha Kilimo kilianzishwa Morogoro. Kilikuwa sehemu ya chuo cha Dar es Salaam. Mashamba yalikuwa Morogoro, ng'ombe walikuwa Morogoro, lakini Seneti ilikuwa Mlimani, kilometa zipatazo 190. Ukitaka kubadili somo la kuchunga mbuzi, karatasi ilipaswa kusafiri hadi Dar es Salaam kujadiliwa na watu ambao wengi wao hawakuwa wa kilimo. Tarehe 1 Julai 1984 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikawa chuo kamili, nacho kikapata Baraza na Seneti yake. Hali kadhalika Muhimbili na Ardhi, ambavyo zamani vilikuwa chini ya Mlimani, vilikuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2007.

WANAFUNZI NAO WANA KITI

Mzee alikuwa na swali jingine. "Hao vijana kukaa na wazee kwenye Seneti, hilo lilikubaliwa hivi hivi?"

Halikuja bure. Mwaka 1970 Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza wa Mlimani alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka kwenye uongozi wa TANU. Mwezi Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo wake. Ndani yake viongozi walikatazwa kuwa na majivuno na kuwaonea wanaowaongoza. Wafanyakazi viwandani waliusoma. Wanafunzi wa Mlimani nao waliusoma, wakaanza kuulizana kama unahusu chuo chao pia.

Mwezi Julai mwaka huo, kiongozi wa umoja wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Alilalamika kwamba maamuzi yanafanywa bila wanafunzi kushirikishwa. Alifukuzwa. Polisi walimchukua chuoni, akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi wenzake waligoma kuingia madarasani, wakakusanyika, na baadhi ya walimu wakajiunga nao katika mikutano hiyo. Walibishana juu ya jambo moja: nani ana haki ya kushiriki katika kuendesha chuo?

Swali hilo halikufa. Mwezi Aprili 1990, vyama vya wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu vya hapa nchini vilitoa Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Walisema, pamoja na mengine, kwamba wanaofundisha na wanaosoma wawe na haki ya kushiriki katika uongozi wa vyuo vyao. Na mwaka huo huo, mwezi wa Mei, chuo cha Mlimani kilifungwa baada ya mgogoro kati ya wanafunzi na Serikali. Hakikufunguliwa tena mpaka mwaka uliofuata. Waliokuwa wanafunzi wakati huo leo ni watu wazima sana, na ukikutana nao watakusimulia jinsi walivyorudi nyumbani na masanduku yao.

Siku hizi wawakilishi wa wanafunzi wanakaa katika Baraza, katika Seneti na katika bodi za chini. Tusidanganyane kwamba wanashinda kila jambo. Ni wachache, na wenzao wakipiga kura wanaweza kuwazidi. Pia katika vyuo vingi, zamu ya kujadili matokeo ikifika, wawakilishi wa wanafunzi hutoka nje, kwa sababu hawawezi kujadili alama zao wenyewe. Lakini wapo kikaoni yanapojadiliwa mambo mengine, na wanasikia yanayosemwa. Katika kijiji chetu, halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na sote tunajua ni tofauti gani inapotokea pale anapoingia mjumbe mmoja tu anayejua kusoma taarifa ya mapato na matumizi.

MLANGO WA KUPITIA

Tulikaa kivulini katika bustani ya Mnazi Mmoja. Mzee akasema, "Sawa. Nimeelewa kwamba laki tatu zingepotea. Sasa mwanangu afanye nini? Nimwone Mbunge?"

Mbunge hatoi alama. Waziri hatoi alama. Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo ilianza kazi mwaka 2005, husimamia ubora wa vyuo vyote, lakini haisahihishi mtihani wa kijana wako. Bodi ya Mikopo inatoa mikopo, lakini nayo haina kauli juu ya alama. Nimeona wazazi wakizunguka ofisi hizi zote siku nne, nauli ikaisha, na mlango wenyewe hawakuugonga.

Mlango wenyewe uko chini kabisa, kwa mwalimu wa somo na mkuu wa idara. Na anayetakiwa kuugonga ni kijana mwenyewe, si baba yake. Aende kwa adabu, awe na barua, na awe na ushahidi wake. Ashike nakala ya kila karatasi. Asiporidhika, chuo kina utaratibu wa rufaa, na rufaa hiyo inaweza kufika Seneti. Rufaa ina muda wake maalumu na mara nyingi ina ada. Muda ukipita, hata mwenye haki hawezi kusikilizwa.

Tulimpigia kijana simu. Alikuja Mnazi Mmoja kwa daladala, amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Alimwamkia baba yake, akaniamkia na mimi. Nilimwuliza kama anazo karatasi za majaribio aliyoyafanya katika lile somo la pili. Alisema anazo zote, ziko chini ya godoro.

"Umezipeleka kwa mkuu wa idara?"

"Hapana, Bwana Shamba. Niliogopa wataniona mkorofi."

Baba yake alimtazama kwa muda mrefu. Kisha alisema, "Mimi nilikuwa tayari kutoa laki tatu kwa mtu nisiyemjua, na wewe unaogopa kugonga mlango?"

Kesho yake asubuhi kijana alikwenda na barua na karatasi zake. Mkuu wa idara alizitazama, akafungua daftari la alama. Alama za jaribio moja la muhula hazikuwa zimeingizwa. Mahali pake palikuwa patupu. Seneti ilikuwa haijakaa bado, kwa hiyo idara iliandika masahihisho, nayo yakapelekwa juu pamoja na orodha. Somo hilo alikuwa ameshinda, na kwa alama nzuri.

Lile somo jingine hakuna lililobadilika. Alilirudia kwa mtihani mwezi wa Septemba. Safari hii alishinda, lakini kwa kuponea chupuchupu.

Gunia la mchele tulilifungulia kule mgahawani. Nusu tulimpa kijana apike na wenzake anaokaa nao. Nusu mzee aliipeleka kwa shemeji yake Magomeni, maana huwezi kwenda mjini ukarudi bila kumwona shemeji. Mbegu za nyanya nilizipata katika duka la tatu, na mabomba pia, ingawa moja lilianza kuvuja kabla hatujafika nyumbani.

Ndani ya basi mzee alilala mpaka Chalinze. Alipoamka aliniuliza, "Hao wazee wa Seneti, wanapokaa mpaka usiku, wanalipwa posho?"

Nilimwambia nitamwuliza binamu yangu.